Fleti za Istanbul: mwenye nyumba mmoja, majirani wengi

Kila nikirusha picha za mzigo mpya wa Uturuki, kabla mtu hajauliza bei ya abaya atauliza, "Dada, kule huwa unalala wapi?" Nimechoka kujibu kwa sauti za WhatsApp nikiwa dukani, mteja mmoja mbele yangu na mwingine mlangoni. Leo nayaandika yote hapa.

Nalala kwenye nyumba za watu. Fleti za kukodi kwa siku chache, zile unazolipia kwenye simu ukiwa bado Dar, kisha unatua Istanbul na mabegi yako unaanza kumtafuta mwenyewe. Nimelala pazuri na nimelala pabaya. Siku hizi sihangaiki sana na picha wala nyota za tangazo. Nauliza kwanza habari za majirani, na sababu yake ndiyo habari yenyewe.

Hoteli za Laleli, mtaa wa maduka ya nguo za jumla huko Istanbul, nazijua. Zipo hapo hapo katikati ya maduka, unashuka ngazi unaingia sokoni. Ila vyumba vyake vingi, ukifungua begi moja sakafuni, mwenzako inabidi akae kitandani miguu juu. Kwa mtalii aliyekuja kuona misikiti na majengo ya kale ya Sultanahmet hiyo haina shida. Kwa mtu wa Kariakoo ni shida kubwa, maana Laleli na Merter, mtaa mwingine wa nguo za jumla, wenye maduka ya jumla hawauzi nguo moja moja. Wanauza seri, yaani pakiti yenye saizi zote za mtindo mmoja. Jioni unarudi nazo, unazifungua moja baada ya nyingine, unakagua zipu, unavuta mshono, unahesabu vifungo, ndipo unazifunga upya zipelekwe kargo. Ukiacha kukagua, kasoro utaikuta Mtaa wa Aggrey na hapo ni yako peke yako. Kazi hiyo inataka sebule. Inataka na jiko, kwa sababu mkate wa Kituruki ni mtamu siku mbili tatu, baada ya hapo tumbo linadai ugali. Mimi sembe naibeba kutoka nyumbani. Unga wao wa mahindi ni wa njano na haukubali kukaza.

Halafu kuna jambo ambalo Wazungu hulishangaa na sisi hutufurahisha: choo cha Kituruki kina kibomba cha maji humo humo ndani. Hakuna kutafuta kopo. Hilo peke yake ni nyota moja.

Sasa niwape ile ya Aksaray, mtaa jirani na Laleli.

Tangazo lilikuwa na sebule nyeupe, dirisha kubwa, na maneno "dakika tano kutoka kituo cha tramu". Istanbul ni mji wa vilima. Dakika tano za kushuka mikono mitupu, ukirudi umebeba seri ni safari nyingine kabisa. Na kwa sababu ya miteremko hiyo, jengo linaweza kuwa na mlango usawa wa barabara ya mbele na bado chini yake kukawa na fleti zinazotokea mtaa wa nyuma. Yetu ilikuwa huko chini. Kwenye tangazo ghorofa iliandikwa -2. Shoga yangu, ambaye ndiye tunayesafiri naye, aliapa kwamba kile ni kistari tu. Dirisha kubwa tulilikuta, lipo kweli, linatazama ukuta.

Mwenye nyumba hatukumwona. Ufunguo ulikuwa kwenye kiboksi cha namba kilichofungwa kwenye nondo za dirisha. Pichani ni bwana mmoja mwenye tabasamu na mbwa wake, lakini kila tukipiga simu inapokelewa na sauti tofauti, na kila sauti haijui tuliambiwa nini na iliyotangulia. Heta haikuwaka. Sauti ya kwanza ikasema subirini fundi, ya pili ikasema heta ni nzima.

Usiku tukaanza kufunga mzigo. Kama hujawahi kulala jirani na wafanyabiashara, hujui soltepu inavyolia. Mlango ukagongwa. Mama wa makamo, ushungi umefungwa haraka haraka, nyuma yake kijana wake anayejua Kiingereza. Mama akaongea kwa kirefu, kijana akafupisha: hapa si hoteli, kuna watoto wanalala. Tukaomba radhi, tukaweka soltepu chini. Kabla hawajaondoka kijana akapiga picha mlango wetu na kile kiboksi cha namba.

Nikamwandikia mwenye nyumba kilichotokea. Jibu lake sijalifuta mpaka leo: "Mtu yeyote akiuliza, sema wewe ni rafiki yangu."

Jamani. Niko nchi ya watu, pasipoti yangu ina jina langu kamili, na mtu nisiyemjua hata sura ananifundisha uongo wa kumwambia polisi?

Asubuhi nikachukua pakiti ya korosho za Mtwara, nikapanda kwa yule mama. Usidharau korosho. Tulikaribishwa ndani, chai ikaletwa kwenye vile vikombe vyao vyembamba vya kioo, na kijana akatueleza sheria ambayo baadaye niliisoma mwenyewe. Tangu tarehe 1 Januari 2024, Uturuki ina sheria, namba yake 7464, inayohusu nyumba zinazokodishwa kwa wageni kwa siku zisizozidi 100. Mwenye nyumba lazima awe na kibali cha Wizara ya Utamaduni na Utalii, na kibao cha kibali hicho kiwekwe mlangoni. Ili apate kibali, kwa majengo ya kawaida ya fleti, anatakiwa alete ridhaa ya wenye fleti wote katika jengo. Wote, si walio wengi. Mmoja akikataa kusaini, hakuna biashara. Faini ya kukodisha bila kibali, sheria ilipoanza mwaka 2024, ilianzia lira 100,000. Na aliyepanga nyumba haruhusiwi kuipangisha tena kwa watalii kwa jina lake mwenyewe.

Bwana wa mbwa, alivyosema kijana, alikuwa mpangaji tu. Na yule mama alikuwa mmoja wa wenye fleti ambao hawakuwahi kuombwa saini.

Tuliondoka siku hiyo hiyo. Pesa ya siku zilizobaki ilirudi nusu, baada ya mabishano ambayo sina hamu ya kuyasimulia. Ila chukueni hili: Booking.com, ambayo wengi wenu mnaitegemea, ukiwa ndani ya Uturuki haikukatii chumba cha Uturuki. Ni amri ya mahakama ya huko ya Machi 2017, baada ya chama cha mawakala wa safari kushtaki. Ukiwa Dar inakubali vizuri tu, lakini nilipoifungua nikiwa Aksaray, mabegi barabarani, haikunipa kitu. Kwa hiyo mpango wa pili uandae kabla hujapanda ndege.

Aliyetuokoa ni kijana wa kargo. Watu wa kargo wanajua kila mlango wa Fatih, wilaya yenye Laleli na Aksaray, kwa sababu ndio wanaopanda ngazi kuchukua mizigo. Akatupeleka kwa bibi mmoja mjane ambaye mtaa mzima unamwita Teyze, yaani mama mdogo, nasi tukamwita hivyo hivyo. Anakaa ghorofa ya tatu, anakodisha ya pili. Kibao kipo pembeni ya kengele. Kabla ya kutuonyesha chumba alituonyesha jirani wa ghorofa ya kwanza, akatutambulisha majina na nchi, na jirani akasema karibuni. Mimi ilinitosha pale pale.

Akaomba pasipoti, akazipiga picha. Shoga akaning'ata sikio, "Anazipeleka wapi?" Zinakwenda polisi, na ni sawa. Uturuki ina sheria ya tangu mwaka 1973 inayomtaka anayelaza wageni kutoa taarifa zao. Wa kumwogopa ni yule asiyeziomba, kama yule wa kiboksi.

Teyze alisema jengo lake limejengwa baada ya 1999, na alilisema kwa fahari kama sisi tunavyosema nyumba ina hati. Mwaka huo, Agosti 17, tetemeko la Gölcük liliua watu zaidi ya 17,000, na baada yake wamekuwa wakali zaidi kwenye ujenzi. Sisi watu wa Dar hatuna mazoea ya kuuliza jengo lina umri gani. Baada ya tetemeko la Februari 2023 kule kusini mashariki, na lile la Aprili 2025 lililoitikisa Istanbul yenyewe, mimi nauliza.

Lakini msidhani ni peponi. Teyze ana masharti. Viatu vinaachwa nje ya mlango, hilo halitupi tabu. Saa nne usiku soltepu inalala. Samaki hakaangwi, kwa sababu harufu inapanda kwake. Maji ya kunywa ni ya lile dumu kubwa la lita 19, na likiisha unamwambia yeye, huagizi mwenyewe. Tukiwa sokoni anaingia kuzima boila ya gesi inayopasha nyumba joto, kwa sababu bili inamuuma, nasi tukirudi tunaikuta nyumba baridi na vitanda vimetandikwa upya kwa namna yake. Siku moja alikuta sufuria ya ugali imelowekwa, akaisugua mpaka iking'aa, na jioni akaniuliza kwa tafsiri ya simu kama ile ilikuwa gundi.

Shoga yangu alishindwa kabisa. "Nimemkimbia mama mkwe Mbagala," alisema, "nimekuja kumkuta Fatih." Yeye anataka nyumba ambayo mwenyewe haonekani. Kaka mmoja wa Mwanza, anayeleta vifaa vya simu, anamuunga mkono. Amelala nyumba za kiboksi cha namba mara nyingi, hajagongewa mlango hata mara moja. Lakini yeye anabeba kava za simu, hana soltepu ya usiku wa manane, na hakai zaidi ya siku tatu. Dada mmoja wa Eastleigh tuliyekutana naye Merter alikuwa na kisa cha upande mwingine. Fleti yake ilikuwa safi, ina kibali, majirani wema, ila mwenye nyumba akambadilishia bei mlangoni kwa madai kwamba lira imeshuka. Hapo tuelewane. Lira kweli imeshuka vibaya. Mwanzoni mwa 2018 dola moja ilikuwa chini ya lira nne, mwisho wa 2023 ilikuwa karibu lira 30. Wenye nyumba wengi wanataja bei kwa dola au yuro kwa sababu hiyo, na siwalaumu. Lakini bei mkishakubaliana kwa dola, kushuka kwa lira kunamhusu vipi mpangaji? Dada aligoma, akakaa juu ya begi lake pale mlangoni mpaka bwana akalegea.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijalipa, namtumia mwenye nyumba meseji moja kwa Kituruki cha mashine. Namuomba picha ya kibao cha kibali kikiwa mlangoni, si kikiwa mezani. Namuuliza ghorofa ya ngapi kuhesabu kutoka barabara ninayoingilia mimi, na kama lifti ipo, kwa sababu kijana wa kargo naye ana mgongo. Namwambia wazi kazi yangu: nanunua nguo, nitafunga maboksi, nitakanyaga ngazi mara nyingi. Wengi wanakaa kimya baada ya hapo, na kimya chao kinaniokolea hela. Mmoja alinijibu nisiseme maboksi, niseme likizo. Huyo nilimpita. Anayejibu "majirani wangu ni wazee, baada ya saa nne tafadhali taratibu", huyo nalipia.

Msisahau plagi. Soketi zao ni za pini mbili za duara, chaja zetu za pini tatu haziingii. Na Jumapili maduka mengi ya jumla yamefungwa, kwa hiyo ukitua Jumamosi jioni unalipia nyumba siku nzima ya kukaa bure. Tueni Jumapili jioni.

Kwa Teyze nimeshaweka nafasi ya safari ijayo. Ameagiza karafuu za Pemba, na amesisitiza tena habari ya samaki. Shoga yangu anasema safari hii analala hoteli Laleli, peke yake, kwa raha zake. Nimemuuliza seri atazikagulia wapi. Amesema kwangu.