Ubuyu wa gesi ulivyonitoa jasho

Jamani nilikuwa nachemsha tangawizi, iliki, karafuu mbili na sukari, nakoroga unga wa ubuyu humohumo afu namiminia maji ya gesi, basi povu linapanda mpaka linamwagika mezani na dakika mbili tu gesi yote kwishnei. Kumbe ni ule unga, chembe zake ndo zinafukuza gesi, na joto la Dodoma mchana linamalizia. Siku hizi nachuja na kitambaa mara 2 mpaka ibaki shira nzito isiyo na unga, nailaza kwenye friji pamoja na maji ya gesi. Glasini shira robo, maji ya gesi robo tatu, namimina polepole pembeni, SIKOROGI. Hamira nilijaribu ili itoe gesi badala ya maji ya gesi, ikanuka kama pombe, nikaachana nayo.