Kumbukumbu ya mradi: antena za ruta kwa shangazi, Mji wa Kale

Jumamosi ya kwanza nilipima mawimbi sebuleni kwa shangazi, na ukurasa wa ruta ya 4G (kifaa kinacholeta intaneti ya simu nyumbani) ukaonyesha hasi 113 dBm (nguvu ya mawimbi kwa desibeli; namba ikikaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo bora), kiwango hafifu ambacho kilieleza vyema kwa nini simu za video za wajukuu wake zilikuwa zikikatika kila siku. Kuta za nyumba ile ni za mawe ya matumbawe, zenye unene wa dhiraa nzima, na mawimbi ya megahezi 1800 hupata taabu kubwa kuzipenya.

Nilinunua antena mbili za kuelekezwa upande mmoja, kila moja ikiwa na ongezeko la desibeli 9, kwa kuwa ruta ya 4G hupokea kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Nilizifunga paani, moja nikailaza nyuzi 45 kulia na nyingine nyuzi 45 kushoto, ili kila moja ipokee mawimbi yenye mlalo wake. Kutoka hapo nikateremsha kebo mbili nyembamba za antena, aina ya RG-58, za mita 15 kila moja, hadi sebuleni.

Asubuhi nzima ilipotea kwenye viungio. Muuzaji alikuwa amenipa kebo zenye vichwa vya RP-SMA, ambavyo ni vya vifaa vya Wi-Fi, na nati zake zilikaza vizuri kabisa kwenye tundu za ruta, ambazo ni za aina ya SMA inayofanana nayo,, ila katikati hapakuwa na pini. Tangu siku hiyo huchungulia ndani ya kila kichwa kabla ya kulipa.

Baada ya kubadilisha vichwa nilipata hasi 104 tu, na hapo ndipo nilipokaa chini na kalamu, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kwenda dukani. Kwenye megahezi 1800, kebo ya RG-58 hupoteza takriban desibeli 0.8 kwa kila mita, kwa hiyo mita 15 zilikuwa zikila desibeli 12, zaidi ya zile 9 nilizozinunua kwa bei ghali. Desibeli 3 zikipotea, nusu ya nguvu imekwenda. Nafuu niliyoipata ilitokana na kule kupanda paani, na antena kubwa zaidi ingeendelea kulisha kebo ileile.

Jumamosi iliyofuata niliihamishia ruta kwenye chumba cha juu, chini tu ya paa, nikaiunganisha na antena kwa kebo nene za LMR-400 za mita 3, ambazo hupoteza kama desibeli 0.6 kila moja. Safari ndefu ya kwenda sebuleni nikaiachia kebo ya mtandao ya Ethernet, ambayo hufika mita 100 bila shida na hupandisha pia umeme wa ruta. Kipimo kikawa hasi 93. Shangazi aliniambia, “Mwanangu, leo nimemwona mtoto hata meno yake.”

Kazi iliyobaki ni ya kuzuia chumvi, kwani upepo wa bahari hula shaba upesi. Viungio vya nje nimevizungushia utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, kisha utepe wa plastiki juu yake, na kila kebo nimeipinda ishuke kidogo chini ya tundu la ukuta ili maji yadondoke kabla ya kuingia. Mvua za masika zikiisha nitafungua kiungio kimoja nikitazame.