Faili inayoitwa "ya"

Leo kazini, hapa Ngamiani, Tanga, ubishi ulinoga kama mechi ya Coastal Union na African Sports: tuandike programu kwa Bash (lugha ya amri za kompyuta) au Python (lugha ya programu)?

Kazi yenyewe: kila jioni faili za risiti za wateja zibanwe ziwe ndogo, zipelekwe kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya kuhifadhia.

Dogo, kijana ninayefanya naye kazi, akasema, "Kaka, Bash inatosha. Mistari michache tu."
Sikumbishia. Unaita tar ifunge na kubana faili, unaita rsync izipeleke, kwisha.

Akaiendesha. Ikagoma.

Faili ilikuwa "Risiti ya Pangani.pdf". Bash ikalikata jina kwenye nafasi kati ya maneno, ikaona vitu vitatu, na tar ikalalamika haioni faili inayoitwa "ya".
Eti "ya"! Tumecheka mpaka mama wa chai akachungulia.

Dogo akazungushia alama za nukuu kigeu kinachobeba jina la faili, Bash ikalisoma kama kitu kimoja, mambo yakaenda.

Halafu bosi: "Na jumla ya fedha kwa kila mteja, kutoka kwenye CSV." Hiyo ni faili ya jedwali ambayo safu zake hutenganishwa kwa koma, na majina mengine yana koma ndani!
Hapo nikafungua Python. Moduli yake ya csv, yaani kifurushi kilichokwishaandikwa, inazielewa koma hizo.

Dogo bado ananung'unika kuwa awk, amri ya kuchambua maandishi, ingeweza. Labda, ila nani ataisoma mwakani?

Wadau, nyie mnahamia Python mkifika wapi?