Corolla ya kabureta haina moto kwenye plagi: kosa lilikuwa waya wa koili ya pikapu ndani ya distributa

Gari ni Corolla ya miaka ya 80, injini ya kabureta, distributa (kigawa moto kwa plagi) ya elektroniki, isiyotumia pointi, zile swichi ndogo za kukata umeme. Ilizimika kwenye mwinuko wa Bugando, Mwanza, ikagoma kuwaka. Stata inazungusha vizuri, petroli ipo, ila nilipochomoa plagi na kuigusisha kwenye injini, hakuna hata cheche.

Fundi wa jirani alitaka tununue koili (inayokuza umeme wa cheche) na ignaita (swichi ya elektroniki inayokata umeme wa koili) kwa pamoja. Wengi huanza hivyo, na anayelipia ubahatishaji ni mwenye gari. Nikachukua mita. Volti 12 zilifika kwenye koili swichi ikiwa imewashwa. Waya wa msingi wa koili, unaopokea volti 12, ulisoma ohm 1 na ushee; waya wa pili, unaopeleka moto kwenye plagi, maelfu ya ohm. Koili nzima.

Kabla ya kuilaumu ignaita, nikapima pikapu, ile koili ndogo ndani ya distributa inayoiashiria ignaita ikate umeme lini. Nayo ilipima vizuri! Lakini sahani inayoibeba husogea kila vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) inapovuta, na waya zake hupinda nayo kila safari, miaka nenda miaka rudi. Nikanyonya mpira wa vakyumu kwa mdomo (ladha yake usiniulize), jicho kwenye mita: usomaji ukapotea. Waya ulikuwa umekatika ndani, ganda likiwa zima kabisa.

Nikalehemu waya mwembamba wa nyuzi nyingi, maana mgumu ungekatika tena, nikauachia ulegevu kidogo sahani ipate kusogea. Plagi ikatoa cheche ya bluu. Nililipia waya na lehemu tu. Koili na ignaita ni zilezile.