Bakapu iliyogoma kuisha usiku

Mwaka 2019 dada mmoja, mhasibu wa chama cha akiba na mikopo huko Morogoro, alinipigia asubuhi, "Kaka njoo tafadhali, wanachama wamejaa hapa na orodha ya mikopo haifunguki." Nafika nakuta bakapu ya usiku bado inakimbia, ile inayonakili faili zote za databesi kwenda diski ya nje, na diski yenyewe iko karibu kujaa.

Sistimu ilikuwa ya PostgreSQL, programu ya kutunza databesi. Aliyeijenga aliweka mikataba yote iliyoskaniwa ndani ya tebo ileile ya mikopo, kwenye kolamu ya maandishi, kwa base64, yaani faili imegeuzwa kuwa herufi za kawaida. Sasa base64 inaongeza theluthi nzima, PDF ya MB 3 inakuwa MB 4 bure, halafu kweri (ombi la data) ya orodha ilikuwa inavuta kolamu zote, yaani mtu anataka kuona majina tu seva inabeba na mikataba juu. Iliniuma kwa sababu PostgreSQL imeshajipanga kwa hili, ukurasa wake, kile kipande inachohifadhia data kwenye diski, ni KB 8, rekodi ikizidi kama KB 2 hivi kile kizito kinakatwa vipande na kuwekwa tebo ya pembeni, wanaiita TOAST, na kweri isipokitaja hakisomwi kabisa.

Bosi wao alitaka tuhamishie kila kitu kwenye folda. Kwa video ningekubali haraka sana. Ila hii ni mikataba ya watu walioweka nyumba dhamana, mkopo na karatasi yake viingie pamoja au visiingie kabisa, na folda haikupi hilo, faili moja ikifutwa leo utagundua siku ya kesi. Tena watafiti wa Microsoft walipima 2006 kwa SQL Server, databesi yao wenyewe, wakaona chini ya KB 256 databesi inashinda, juu ya MB 1 folda inashinda, katikati inategemea. Nyingi za kwetu zilikuwa hapo katikati.

Basi nikatengeneza tebo mpya ya nyaraka, kolamu ya bytea inayobeba faili kama ilivyo bila base64, storage nikaiweka EXTERNAL, yaani iwekwe pembeni bila kubanwa, kabla ya kuingiza chochote maana PDF za skana zimeshabanwa, kuzibana tena ni kuchosha prosesa. Kila faili nikaipa alama ya SHA-256, kama alama ya kidole inayokokotolewa kutoka kwenye faili, faili zilezile zinatoa alama ileile, na hapo ndipo nilishangaa: kitambulisho kilekile cha mwanachama kilikuwa kimepandishwa upya kila anapokopa! Kikabaki kimoja, mikopo yote ikawa inaelekeza hapo.

Jumamosi walipofunga nikaondoa kolamu ya zamani na kupiga VACUUM FULL, amri inayoandika tebo upya bila mabaki, bila hiyo diski hairudishiwi nafasi yake, na inafunga tebo kwa hiyo usiijaribu saa za kazi. Bakapu ikaanza kuisha kabla hawajafungua ofisi, orodha ikawa inafunguka mara moja. Dada nikamwomba abadilishe skana kutoka dpi 300 (nukta kwa kila inchi) ya rangi iwe 200 ya kijivu, mkataba unasomeka vilevile na faili inashuka sana.