Siku moja maishani mwangu: kutembeza wageni katika Nairobi ya Wayahudi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Chai ya rangi, kiazi kitamu, viatu vya kutembelea. Kabla sijatoka napitia tena orodha ya wageni, kwa sababu kituo chetu cha kwanza ni sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi, na pale haendi mtu kwa kubahatisha. Majina hutumwa mapema, na kila mmoja huja na kitambulisho au pasipoti. Leo nina walimu wa historia kutoka Eldoret, pamoja na mzee mmoja na mkewe kutoka Johannesburg.

Saa mbili. Nashukia mjini na kutembea hadi makutano ya University Way na Uhuru Highway. Maelfu ya watu hupita hapa kila asubuhi, barabara ya juu ikinguruma vichwani mwao, na wengi hawajui kilichoko nyuma ya ukuta ule. Ndiyo maana naipenda kazi hii.

Saa tatu. Tumekaguliwa, tumeingia. Wanaume wanafunika vichwa. Asiye na kofia anaazimwa kile kikofia kidogo cha duara. Kwenye mwimo wa mlango, upande wa kulia, kuna mezuza: kijaluba chembamba kilichopigiliwa kimshazari. Nawaeleza kwamba ndani yake mmeviringishwa kipande cha ngozi chenye maneno ya Kumbukumbu la Torati, "Sikia, Ee Israeli", yaliyoandikwa kwa mkono. Mwalimu mmoja, ambaye ni mzee wa kanisa kwao, anasogea mpaka pua inakaribia kugusa mlango. Amelisoma andiko hilo maisha yake yote, lile linaloagiza maneno ya Mungu yaandikwe juu ya miimo ya milango. Leo anauona mwimo wenyewe.

Jumuiya hii ilianza 1904, Nairobi ikiwa bado kambi ya reli yenye matope na mabati. Sinagogi la kwanza lilikamilika 1913. Hili tulilomo lilifunguliwa 1955, na hapo huwa nasimama kidogo. Aprili 1954 Waingereza waliuzingira mji huu katika Operesheni Anvil, msako mkubwa dhidi ya Mau Mau, wakawakamata maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka kizuizini. Mji ule ule, miaka ile ile. Kuta hizi zilikuwa zikipanda huku nyumba nyingine zikibaki bila baba. Sisemi hayo ili kumlaumu fundi wala muumini. Nayasema kwa sababu ukisimulia jengo bila mji wake, umesimulia nusu.

Saa nne na nusu. Tunatembea taratibu hadi Harry Thuku Road, mbele ya Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa Krismasi ya 1904. Nawapa kwanza habari za jina la barabara: Machi 16, 1922, umati uliokuja kudai Harry Thuku, mpinzani wa utawala wa kikoloni, aachiliwe ulimiminiwa risasi hapa karibu, na Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Kisha nawapa habari za Abraham Block. Alizaliwa Lithuania, nchi iliyokuwa chini ya mfalme wa Urusi, akapitia Afrika Kusini, akafika huku 1903. Aliinunua Norfolk 1927.

Mzee wa Johannesburg anatabasamu. Babu yake naye alitoka Lithuania.

Kilichomleta Block ni habari zilizovuma mwaka ule: Waingereza walikuwa tayari kuwapa Wayahudi ardhi Afrika Mashariki, mahali pa kukimbilia mauaji ya Urusi. Wengi huita mpango ule "wa Uganda", lakini ardhi yenyewe ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, ulipo mji wa Eldoret leo. Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka kuwa na nchi yao, aliufikisha mbele ya Kongamano la Kizayuni la Basel, Uswisi, Agosti 1903. Watu walilia, wengine wakatoka ukumbini, hasa wajumbe wa Urusi, ambao ndio waliokuwa wakichinjwa. Mwishowe wakakubaliana kutuma wakaguzi watatu. Wakaguzi walifika mwanzoni mwa 1905, wakazunguka, wakaandika ripoti, na kongamano la mwaka huo likaikataa ardhi.

Hapo mwalimu mama, Mnandi wa kwao hasa, anauliza, "Na sisi, nani alituuliza?"

Hakuna, mama. Ninapojibu swali hilo sipunguzi makali. Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliitoa ardhi ile kana kwamba haina mwenyewe, wakati Wamaasai waliwahi kuitawala na Wanandi walikuwa wakilisha ng'ombe huko. Oktoba 1905, wakaguzi wakiwa wameshaondoka, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na Waingereza katika mkutano ulioitwa wa amani. Miaka michache baadaye Makaburu wakaja na magari yao ya ng'ombe, wakaugawana uwanda. Mama anawageukia wenzake, wanaanza kubishana kwa Kinandi, nami nawaacha. Mabishano hayo yana thamani kuliko hotuba yangu.

Mke wa mzee anamshika mama mkono na kumwambia kwamba kwao nyumbani hadithi hii husimuliwa kama habari ya fursa iliyopotea, na hajawahi kusikia ikisimuliwa na mtu wa Uasin Gishu.

Saa sita. Kupitia Muindi Mbingu Street na Jeevanjee tunafika Kimathi Street. Nawaonyesha Kenwood House, kazi ya Ernst May, msanifu majengo mashuhuri wa Frankfurt mwenye asili ya Kiyahudi. Alikuja Afrika Mashariki 1934, akalima kahawa Tanganyika, kisha akarudi kwenye ramani zake hapa Nairobi. Vita vilipoanza alifungwa na Waingereza kwa kuwa ni Mjerumani, kama walivyofungwa wakimbizi wengine waliomkimbia Hitler.

Hatua chache mbele ni Hoteli ya Stanley. Simulizi ya mjini ni kwamba Block, akiwa hana kitu, alimshonea Mayence Bent, mwenye hoteli, magodoro ya nyasi kavu. Mwaka 1947 aliinunua hoteli.

Saa saba. City Hall, kwa ufupi tu, njaa imeshika: Israel Somen alikuwa meya hapa 1955 hadi 1957. Tunaagana baada ya pilau.

Saa tisa. Nimekaa na daftari. Wale walimu wanataka kurudi na wanafunzi, na wameniomba niongeze Gilgil, ambako Waingereza waliwafunga wapiganaji wa Kiyahudi wa Palestina, waliopigana na utawala wao kule, kuanzia 1947 hadi 1948. Yaakov Meridor, mmoja wa makamanda wao, alitoroka kutoka kambi ile. Nalitaka sana somo hilo: serikali iliyowazuilia watu wale ndiyo iliyokuja kuwazuilia babu zetu, kwa nyaya na minara ya ulinzi ya aina ile ile.

Saa kumi na moja. Nampigia mama wa Eldoret. Namwomba, safari ijayo, sehemu ya Uasin Gishu aisimulie yeye. Anasema atakuja na mzee mmoja wa kwao anayeijua ardhi ile kwa majina ya mito, na kwamba nimtafutie mahali pa kulala.