Samahani, mke wangu ana masharti yake

Tumerudi jana usiku. Wiki ilikuwa na mengi: sanduku kubwa lilipotea siku mbili kisha likapatikana, wifi amejifungua mtoto wa kike na wote wawili ni wazima, na barua ya kuongezewa mkataba kazini nimeisoma kwenye simu tukiwa bado uwanja wa ndege. Alhamdulillahi kwa yote. Lakini kinachoninyima usingizi ni maneno sita aliyoyasema mume wangu Jumanne mezani.

“Samahani, mke wangu ana masharti yake.”

Mnaonisoma tangu lile sakata la keki ya harusi isiyo na mayai mnajua kwamba fungate hii tuliipanga kwa tumbo. Wengine hutafuta mandhari. Sisi miezi mitatu mizima tulijaza daftari majina ya sehemu wanakopika vizuri bila nyama, samaki, maziwa, mayai wala asali. Hata chakula cha ndege tulikiagiza siku mbili kabla, kile ambacho mashirika ya ndege hukiandika VGML, na kilikuja kama tulivyoomba. Sahani mbili. Yangu na yake.

Jumanne tuliagiza supu ya maharage. Mhudumu alituhakikishia haina nyama. Ilipofika nikaona macho ya mafuta yanaelea juu, yale ya mviringo ambayo ukiyagusa kwa kijiko yanaachana, ukiondoa yanakutana tena. Mafuta ya mimea nayo huelea, lakini harufu ile ilikuwa ya mfupa uliochemka tangu asubuhi. Nikauliza kwa upole kama maharage yamepikwa kwa maji au kwa mchuzi wa mifupa. Mhudumu hajafungua mdomo, mume wangu akamtabasamia na kuyasema maneno yake sita.

Sasa sikilizeni. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwambia mtu baki “mke wangu”. Siku kumi za ndoa! Nilijawa raha mpaka masikio yakapata moto. Na raha haijatulia, ikaja “ana masharti yake”. Yake nani? Huyu mtu mwaka wa pili sasa hagusi nyama, na hakuna aliyemshika mkono. Mimi sikuwahi kumwambia aache maziwa. Aliacha mwenyewe, akaniambia baada ya wiki mbili. Jumatatu usiku, sanduku limepotea na vidonge vyetu vya B12 vimo ndani, yeye ndiye aliyenituliza: mimea haitengenezi vitamini hiyo, bakteria ndio huitengeneza, mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 tu kwa siku, na ini huweka akiba ya muda mrefu. “Maini yetu yameshiba,” alisema. Yetu. Kulala na kuamka tu, masharti yakawa yangu peke yangu.

Angesema “hatuli”. Silabi tatu. Na samahani ile ilikuwa ya nini? Mtu huomba samahani akimkanyaga mwenzake. Mimi niliuliza swali kuhusu chakula ninachokilipia.

Mhudumu mwenyewe simlaumu. Alikwenda jikoni akarudi kusema ni mchuzi wa mifupa kidogo, nyama hamna. Kwa watu wengi nyama ni kipande unachokiona kwenye bakuli. Hata neno la kututaja si la zamani: ni mwaka 1944 tu, kule Uingereza, ambapo Donald Watson na wenzake waliokuwa wameacha maziwa na mayai pia walibuni neno “vegan”, kwa sababu jina la wasiokula nyama halikuwatosha. Kuanzia siku ile niliacha kuuliza “kuna nyama?” nikawa nataja kimoja kimoja: mchuzi wa mifupa, mchuzi wa samaki, siagi, jibini, yai la kupakwa juu ya mkate, jelatini kwenye vitamutamu. Inachosha, ila inasaidia. Kuanzia Jumatano tulikula vizuri, na mume wangu alikuwa ananiachia mimi niulize huku yeye akitazama orodha ya vyakula.

Alhamisi ndipo tulipopata chakula bora cha safari nzima. Kimgahawa cha meza nne, na mpishi, mama wa makamo, akatuita jikoni. “Njoo uonje mwenyewe, mwanangu, usiniulize.” Alikuwa amelaza biringanya juu ya moto wenyewe mpaka ganda likawa jeusi na kupasuka. Akachovya vidole kwenye maji, akalimenya kwa mivuto mitatu, nyama yake laini ikaporomoka ikitoa moshi. Akaiponda na kitunguu saumu, akaimwagia juu ya dengu zito. Nilionja nikanyamaza. Kisha akafunua sufuria nyingine, uyoga, akataka kutuongezea, na nikajisikia nikisema:

“Samahani mama, mume wangu hapatani na uyoga.”

Nikageuka. Alikuwa ananitazama.

“Nimesikia,” akasema.

“Umesikia nini?”

“Samahani.”

Hakusema zaidi, na dengu lilikuwa moto, tukala. Tuliongeza mara mbili. Usiku nikamuuliza Jumanne alikuwa na maana gani. Alifikiri sana, si mtu wa kukurupuka, akasema aliona uso wangu umeshaanza kukaza, akataka yule mhudumu asinichukie. Alikuwa ananikinga. Nikaweka mkono wangu kifuani kwake na ile hasira ya siku mbili sikuiona tena ilikokwenda.

Lakini bado nasema “hatuli” ingetosha. Yeye mwenyewe amekubali. Asubuhi ya leo, shangazi alipompigia simu kutualika chakula, nilimsikia kutoka bafuni: “Shangazi, sisi hatuli maziwa wala mayai, usijisumbue.” Nilisimama na mswaki mdomoni mpaka alipokata simu.

Ningelala sasa, ila mama hajapokea simu tangu mchana. Dada anasema amepumzika. Mama halali mchana, na wiki iliyopita goti lilikuwa limevimba, akaniambia nisijiharibie fungate kwa maswali. Nitampigia tena saa nne.